Ndovu Alipotokea, Mume Wangu Alishika Mkono wa Jirani

Ndovu alipoingia shambani, mume wangu alimshika mwanamke mwingine mkono akatoroka naye.

Mimi aliniacha hapo hapo.

Tulikuwa watatu, tukichimba waru, viazi vyetu, kule juu Timau: mimi, mume wangu Mutuma, na jirani yetu Gatakaa. Nilisikia ua wa msitu ukivunjika. Kuinua macho, nikaona masikio makubwa yakinijia.

Nilitaka kupiga kelele, sauti ikagoma. Moyo ulinidunda masikioni hadi sikusikia kitu kingine.

Mutuma na Gatakaa hao, mkono kwa mkono, mbio!

Ndovu alinitazama, kisha akageukia waru. Nikatambaa kinyumenyume nikilia mpaka nikafika kwa njia.

Mutuma alinikuta hapo. Alitaka kunikumbatia, nikamsukuma.

"Enda kwa Gatakaa wako!"

"Mama Munene, haki ya Mungu, nilidhani ni wewe nimeshika!"

"Mimi na yeye tunafanana wapi?"

Jamani, wivu ulinishika. Nilikumbuka kila kikombe cha chai alichowahi kunywa kwa huyo mama. Nikajiambia mwili ukishtuka haudanganyi, unashika unachokipenda.

Asubuhi nikafunga virago nirudi kwetu Embu. Gatakaa akanikuta mlangoni na begi.

"Mama Munene, jana mimi na wewe tulikuwa tumevaa nini?"

Nikakumbuka. Sweta za zambarau za akina mama wa kanisa, na vitambaa vya kichwa vya rangi hiyo hiyo.

"Bwana yako hakuangalia nyuma hata kidogo. Alinivuta mpaka barabarani akiita, 'Mama Munene, kimbia! Mama Munene, usianguke!' Kugeuka, akaniona ni mimi. Alilia kama mtoto, akarudi mbio kukutafuta."

"Na wewe njia yote ukanyamaza tu?"

Aliangalia chini.

"Ningesema mimi si wewe, angeniachilia. Niliogopa, dada yangu. Ungekuwa wewe ungesema?"

Ukweli ni kwamba hata mimi ningenyamaza.

Begi nikalirudisha ndani. Lakini wivu haujaisha, nisiwadanganye. Siku hizi shambani navaa sweta ya njano.

Wenzangu, mtu akiogopa, macho yake huona kidogo sana. Kabla hujavunja ndoa kwa sababu ya mkono alioushika, uliza kwanza alikuwa akiita jina la nani.