Ua Jeupe la Mama wa Msichana

Vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto havikunjiki. Aliyevivunja ni marehemu mume wangu, kwa mpini wa jembe, na aliyesimama mlangoni akirudisha majirani ni ndugu yake mkubwa. "Endeni mkalale," aliwaambia, "hayo ni mambo ya nyumba." Naanza na hiyo kwa sababu watu wa ukoo ule wakisimulia wanasema nilitoroka bwana. Sikutoroka. Nilitoka na mtoto mgongoni, leso imelowa damu, nikaja Kitengela, nikapata chumba hapa mtaa wa Noonkopir. Hakuna aliyetutafuta. Walitukumbuka siku mtoto alipopata mchumba.

Shule nilifika darasa la tano. Kazi ya maua ya karatasi nimejifunza kwa maua ya kweli, huko Isinya, nikichambua waridi ndani ya shamba la maua mpaka kifua ikakataa zile dawa. Mtu akishika waridi miaka na miaka anajua jani la ndani linalala vipi na la nje linageuka wapi. Nilipoacha kazi nikaanza kuyatengeneza kwa karatasi ya krepu, ile laini inayovutika. Unakata, unavuta katikati na kidole gumba mpaka karatasi ifanye tumbo, unazungusha, unafunga na uzi. Hivyo vidole viwili vilivyokataa kukunja ndivyo ninavyozungushia. Vimenyooka kama kijiti. Simshukuru mtu kwa hilo.

Krismasi ikikaribia sipumziki. Kanisa linataka nyota, shule inataka minyororo ya karatasi, watu wanataka kadi na maua ya sebule. Zaidi ni maua ya kifuani, kwa sababu Desemba watu wote wako nyumbani, na huo ndio wakati wa kupeleka mahari. Maua ya kifuani si urembo tu. Mgeni akiingia kwa boma ya watu hajui nani ni nani. Anaangalia kifua. Ua kubwa jeupe ni mzazi, huyo ndiye wa kusalimiwa kwanza, na yule mwanamke mwenye ua jeupe ndiye anafunikwa blanketi ya mama, ile inayoletwa na upande wa kijana. Ukishafunikwa mbele ya watu, imeisha. Hata miaka ishirini baadaye watasema, mama wa msichana ni yule tulimfunika.

Mchumba wa msichana wangu ni wa Kajiado, Mmaasai, kijana mwenye adabu. Wazee wao walisema hawawezi kuja kuongea mahari na mwanamke peke yake, wanataka ukoo. Msichana akaenda kwa baba yake mkubwa. Huyo shemeji yangu naye alishahamia hapa hapa Kitengela, ana nyumba ya mawe na maduka, na shamba la mume wangu kule kwao aliuza. Akakubali haraka. Sherehe iwe kwake, Jumamosi baada ya Krismasi, na kamati iongozwe na mke wake.

Huyo mke wake alikuja kwangu na kitabu cha mipango kimejaa vibandiko vya rangi rangi. Hakukaa. Alipanguza kiti na macho akabaki amesimama.

"Msichana amesisitiza maua yatoke kwako," alisema. "Kwa sababu ni Krismasi, wageni wavae nyekundu ndogo. Wajomba na mashangazi kijani. Halafu nyeupe kubwa mbili."

"Mbili za nani?"

"Za wazazi."

"Baba yake alikufa."

"Ndiyo maana. Mzee atasimama, na mimi nitasimama na yeye. Wageni nimeshawaambia, wafuate ua jeupe."

"Na mimi nitasimama wapi?"

Aligeuza ukurasa. "Shemeji, wewe unajua kupika. Chakula kikiharibika, aibu ni yetu sisi wote."

Jioni msichana alikuja. Alikuwa amelia, lakini aliosha uso kwanza ili nisijue.

"Mami, usilete vita. Nakuomba. Ni siku moja tu."

"Blanketi si ya siku moja."

"Baba mkubwa amesema akivurugwa, anatoka kwa meza, na wazee wa Kajiado watarudi kwao. Unataka warudi?"

Sikutaka warudi. Hapo ndipo walinishikia. Nikinyamaza, huyo mwanamke anafunikwa, na mimi nabaki mpishi aliyelea mtoto wa wenyewe. Nikiongea, nimeharibu ndoa ya mtoto wangu. Nilimwambia, "Sitasema neno hata moja. Enda ulale."

Nilitimiza. Nilinunua krepu nyeupe peke yake. Nyekundu na kijani sikununua. Nilikata maua yote kwa kipimo kimoja, kile kikubwa, kila ua na majani mawili chini kama ya mzazi. Ya shemeji nilitengeneza sawa na ya jirani wa mbali. Nilitengeneza langu. Nilirarua krepu mara kadhaa, si kwa kuogopa shemeji, ni kuogopa mtoto. Kwa sababu nilijua vile itakuwa. Kama ua haliongei, itabidi mtu aulizwe, na wa kuulizwa ni yeye.

Siku yenyewe nilipeleka katoni asubuhi, lakini nilisema isifunguliwe, upepo utakunja karatasi. Nikaingia kwa masufuria. Waliifungua katoni wakati magari ya wageni tayari yanapiga honi barabarani. Nilisikia viatu vya yule mwanamke vikija nyuma ya nyumba.

"Hii ni nini? Nyekundu ziko wapi?"

Niliendelea kukoroga.

"Nakuuliza. Zote ni nyeupe. Zote ni kubwa."

"Wageni wako kwa geti, shemeji," nikasema. "Utawavalisha au waingie hivyo?"

Aliniangalia vile mtu anaangalia mbwa aliyeingia jikoni. Lakini honi zilikuwa zinalia na wasichana walikuwa wameshaanza kuwabandikia watu na pini. Hakuwa na la kufanya. Alienda.

Mimi nilijibandikia langu, juu ya aproni.

Wageni waliingia na nyimbo, wakasalimia watu wote kwa sababu hawakujua wa kwanza ni nani. Wasichana wakafunikwa leso kutoka kichwa hadi miguu, kijana akaambiwa achague wake. Alimpata mara ya kwanza. Watu walicheka, wakasema alichungulia viatu. Msichana akatolewa leso, akasimama katikati ya tenti. Wakati huo ndio koko wa kijana, nyanya yake, aliinuka na blanketi mkononi. Ilikuwa ya bluu, nzito, bado na mikunjo ya dukani.

Alitazama mstari wa kwanza. Akatazama wa pili. Akageuka upande wa wanaume.

"Niliambiwa ua jeupe," alisema. "Hapa kila mtu ni mama? Hata huyu mzee mwenye ndevu amezaa?"

Tenti nzima ilicheka. Shemeji hakucheka, kwa sababu mzee mwenye ndevu ni yeye.

Mke wake aliinuka, akarekebisha kilemba. "Leta hapa, koko. Ni mimi."

"Wewe ndiye ulimzaa?"

"Mimi ndiye nimesimama kama mama."

"Sijauliza kusimama, mama. Nimeuliza kuzaa." Hakusema kwa ubaya. Alimgeukia msichana. "Bibi yetu, tuonyeshe wewe. Mimi macho ni ya zamani."

Nilikuwa nyuma ya meza ya chakula, mwiko mkononi. Msichana alimtazama baba yake mkubwa. Yeye alimtikisia kichwa kidogo tu, kuelekea kwa mke wake, vile unaonyesha ng'ombe njia. Msichana akatazama chini. Tenti ikawa inapigwa na upepo. Alikaa hivyo mpaka nikasema moyoni, haya, amechagua amani, na mimi niliahidi kunyamaza. Niliweka mwiko chini. Nilianza kutoa pini kwa ua langu.

Sikumwona akija. Nilihisi mkono. Alishika ule wangu wa kushoto, kwa vile vidole viwili, akanitoa nyuma ya meza na aproni yangu na mchuzi kwa mikono. Alinivuta mpaka mbele ya koko, akaniachilia.

"Takwenya," koko akanisalimia kwa Kimaasai, vile mwanamke husalimiwa.

"Iko," nikaitikia.

Alinifunika.

Wazee hawakurudi Kajiado. Waliongea mpaka wakamaliza, na shemeji hakutoka kwa meza, kwa sababu ng'ombe wa mahari walikuwa wanatajwa. Alipoomba Mungu abariki wazazi, alitazama paa ya tenti. Baadaye alinikuta nikifunga vyombo.

"Ungeniambia shida yako," alisema kwa sauti ya chini. "Tungeongea ndani ya nyumba."

"Mambo ya nyumba ninayajua," nikamwambia. "Wewe ndiye ulikuwa mlangoni."

Aliangalia mkono wangu, kisha akaangalia kando, akaita mtu wa viti.

Nilirudi Noonkopir kwa miguu. Jua lilikuwa kali, lile la Desemba, vumbi la malori linaingia mpaka kwa meno, na sufu ya blanketi ilikuwa inaniwasha shingo. Mama mmoja wa mboga anayenijua aliniita, "Mama, na joto hii yote? Toa hiyo blanketi."

Nilimwambia niko na baridi. Sikuitoa mpaka nikafika mlangoni kwangu.