Barua ya Tatu

Kazini walimwita Pampu, naye akaitika, angefanyaje? Mwaka wa tano sasa alikuwa akifungua na kufunga pampu za idara ya maji, viganja vimeota sugu, na popote maji yalipokatika aliyetafutwa ni yeye. Nyumbani mama yake alimwita Injinia. Mwaka wa kwanza jina hilo lilitamkwa kwa fahari mpaka majirani wakachoka. Siku hizi lilitoka na ukakasi kidogo.

"Injinia, wale watu wa ng'ambo wamekujibu?"

Walikuwa wameshamjibu mara mbili, miaka miwili mfululizo, kwa maneno yale yale: tunasikitika, waombaji walikuwa wengi, tunakutakia kila la heri. Heri gani hiyo wasiyotaka kukupa wao wenyewe? Kozi ilikuwa ya uzamili, uhandisi wa mitambo ya maji, watu thelathini tu kutoka dunia nzima, na sharti lao moja lilimnyima usingizi: shahada ya kwanza isiwe na zaidi ya miaka mitano. Ya kwake ilikuwa inatimiza mitano mwaka huu. Akikosa safari hii, basi tena, abaki na pampu zake mpaka astaafu.

Na usidhani kuomba ni kujaza jina na kutuma. Mfumo wao ulitaka alama zake zigeuzwe ziwe za kipimo cha nne, wakati chuoni kwake kipimo kilikuwa cha tano. Ulitaka namba ya posta ya mtaa wao, mtaa ambao hata mwenye duka hajui unaishia wapi, na ukagoma kusonga mbele mpaka alipojaza sifuri tano. Ulitaka cheti kipya cha kuthibitisha kwamba anajua Kiingereza. Jamani! Mtu amefundishwa kwa Kiingereza, amefeli kwa Kiingereza, amefaulu kwa Kiingereza, na bado anaambiwa akakae kwenye kiti asikilize kanda ya watu wawili wanaotafuta maktaba. Akaenda, akasikiliza, akafaulu. Kisha insha: eleza ulivyoshindwa jambo na ulichojifunza. Akaandika juu ya kisima cha tatu, mchanga ulivyoila impela, lile gurudumu la ndani linalosukuma maji, mpaka likabaki kama biskuti iliyong'atwa. Hiyo ilimtoka vizuri, maana hasira alikuwa nazo za kutosha.

Zikabaki barua tatu za kumpendekeza. Ya kwanza ilitoka kwa bosi wake, aliyeiandika kwenye simu akiwa anasubiri fundi umeme. Ya pili ilitoka kwa mwalimu wake wa hesabu, naye akaituma siku hiyo hiyo. Ya tatu lazima itoke kwa msimamizi wa mradi wake wa mwisho, asiwe mwingine, yaani Profesa. Na ukurasa wa maombi ukaganda palepale ulipoganda mwaka jana na mwaka juzi: barua zilizopokelewa, mbili kati ya tatu.

Miaka ile yote miwili alipiga simu ofisini kwa Profesa. Aliyepokea ni karani wake, mama wa makamo ambaye wanafunzi walimpachika jina la Mama Muhuri, na jibu lake halikubadilika. "Imetoka, mwanangu. Iko kwenye kitabu, tarehe ipo, saini ipo." Pampu akaridhika. Alidhani ni ule ukurasa tu unaochelewa kusoma, kama mita mbovu. Majibu ya kusikitika yalipokuja hakumlaumu mtu ila nafsi yake, hasa ile C ya hidroliki. Fikiria, mtu anayeishi ndani ya hidroliki ana C ya hidroliki! Jumapili ngapi alizimaliza juu ya kitabu kilekile, akirudia maswali yaleyale, akijiambia kuwa kichwa chake ni kizito. Inauma kujiona huwezi, tena inauma zaidi ukiwa unafanya kazi yenyewe kila siku.

Mwaka huu mwisho wa kutuma ulikuwa Ijumaa, saa sita kamili mchana. Alipiga simu Jumatatu, imetoka. Jumatano, imetoka. Ijumaa asubuhi ukurasa bado mbili kati ya tatu, na uvumilivu ukamwishia. Akaomba ruhusa kwa bosi.

"Nenda, lakini saa nane uwe umerudi," bosi alisema. "Kisima cha tatu kinatoa tope."

Saa tano na robo alikuwa ghorofa ya pili ya kitivo, na buti zake za kazi zikiacha alama sakafuni. Mama Muhuri alikuwa mezani pake, miwani imening'inia kifuani kwa mkufu, mihuri sita imepangwa kwenye sinia kwa ukubwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Injinia wetu! Mbona umekonda hivyo?"

"Mama, ile barua yangu."

"Si nimekwambia imetoka? Imetoka tangu Jumanne ya wiki iliyopita."

"Imetoka kwenda wapi?"

"Huko huko ulikoomba."

"Kwa njia gani?"

Mama Muhuri akavaa miwani amwangalie vizuri. "Wewe, barua inatoka kwa njia gani? Kwa posta."

Mama Muhuri, kuthibitisha kwamba kazi yake haina dosari, akafungua kabati, akatoa faili lenye jina la binti huyu kwa mwandiko wa kupendeza, akalisukuma mbele yake. Ndani kulikuwa na barua pepe ya kile chuo cha ng'ambo, imechapwa kwenye karatasi. Ile linki ndefu ya kupandishia barua ilikuwa imepigiwa mstari kwa rula, wino mwekundu. Juu yake muhuri: IMEPOKELEWA. Pembeni, mwandiko wa Profesa: Nimeona. Ijibiwe haraka.

"Mama," Pampu alisema, kidole juu ya mstari mwekundu, "hii linki inabonyezwa!"

"Nibonyeze nini hapo? Si karatasi hiyo?"

"Kwenye kompyuta, mama! Inabonyezwa kwenye kompyuta!"

"Usinipandishie sauti. Profesa hasomi kwenye kioo, macho yanamuuma. Naichapa, anasoma, anajibu kwa kalamu, nataipu, anasaini, napiga muhuri, inatoka. Miaka ishirini na sita, hajawahi kulalamika mtu."

Watalalamikaje, na hawajui? Pampu akatupa jicho kwenye kabati, safu nne za mafaili ya wengine kama yeye. Akafunua karatasi za chini katika faili lake. Mwaka jana, linki, mstari mwekundu, muhuri, nakala ya barua. Mwaka juzi vilevile. Barua hizi mwombaji haruhusiwi kuzisoma, ila ya mwaka juzi ilikuwa maiti tayari, haina siri tena, akaisoma.

Nimefundisha miaka thelathini na moja, Profesa aliandika. Huyu ndiye mwanafunzi pekee aliyeikuta pampu ya maabara imekufa na kuiacha ikifanya kazi, bila kuagizwa na mtu. Mtaona ana C katika hidroliki. Kosa ni langu, mtihani ule niliutunga vibaya, darasa zima lilianguka, na C hiyo ndiyo ilikuwa alama ya juu kuliko zote. Mkiwa na nafasi moja tu, mpeni yeye.

Alisoma mara mbili. Kisha akakaa kwenye kiti cha wageni bila kukaribishwa, akalia waziwazi kwa hasira, machozi yakachanganyika na vumbi na grisi usoni.

"Kwani vipi?" Mama Muhuri akauliza, safari hii polepole.

"Hazikufika, mama. Hata moja haikufika. Hawasomi za posta."

Sijui ni machozi au ni neno hilo, hazikufika. Mama Muhuri alilipokea kama tusi. Barua zake? Zenye muhuri wake? Akasimama, akavuta shali, akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha kikao cha mitihani ambako hata panya haruhusiwi, na dakika mbili baadaye alirudi na Profesa mwenyewe, kalamu bado mkononi, anauliza kuna moto wapi.

Saa tano na dakika thelathini na nane wakaifungua linki. Mwombaji haruhusiwi kuona, mfumo ulisema, basi Pampu akatoka akasimama koridoni, uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Lakini masikio hayana mlango.

"Wanauliza, yumo katika asilimia mbili bora, tano, au kumi," ilisikika sauti ya Profesa. "Asilimia mbili ya nani? Wa mwaka ule au wa miaka yote?"

"Ya wote, Profesa, bonyeza!"

"Lazima tujue tunapima nini, mama."

Pampu akauma kola ya ovaroli yake. Saa tano na dakika arobaini na sita. Tak, kidole kimoja. Kimya. Tak. Kisha skana, ile mashine ya kuingiza karatasi kwenye kompyuta, ikanguruma, halafu ikanyamaza ghafla.

"Ngoja, nakala hii ya faili haina muhuri," ilisikika sauti ya Mama Muhuri.

"Mama, itumeni bila muhuri!" Pampu akapayuka ukutani.

"Barua haitoki hapa bila muhuri!"

Pu! Muhuri ukapigwa, mashine ikanguruma tena. Saa sita kasoro dakika nne simu ilitetemeka mfukoni mwake. Barua zilizopokelewa: tatu kati ya tatu. Maombi yako yamekamilika.

Profesa akatoka mlangoni, anafuta miwani kwa tai. "Kwa hiyo zile za nyuma zote mbili..."

"Hazikufika, Profesa."

Akairudisha miwani usoni. "Mimi nilijua ulishaondoka zamani. Nikajiuliza, huyu binti mbona hakuja hata kuniaga? Maombi yaliyofuata nikadhani unahama kozi. Niliumia, nisikufiche."

Pampu alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, grisi na yote. Nyuma yao printa ilishaanza kutema karatasi: Mama Muhuri alikuwa anachapa ule uthibitisho, apige muhuri, autie faili.

Alipofika kwenye ngazi, mama yake akapiga simu.

"Injinia, wale watu wamekujibu?"

"Bado, mama," alisema, akashuka ngazi mbili kabla ya kuendelea. "Leo ndiyo kwanza nimeomba."