Jirani Asiyejua Kupatana Bei

Mimi ndiye niliyempeleka bwawani. Naliandika hilo mwanzo ili mtu asije akanihurumia bure.

Jirani yangu anauza vitenge, mimi nauza vipuri vya magari, na milango yetu imepakana katika jengo moja la Kisenyi. Tangu alipofika kutoka Bukavu tumeelewana kwa Kiswahili: chake cha Kongo, changu cha nyumba ya Kinubi, tulichoachiwa na babu aliyeletwa huku na jeshi la wakoloni. Nilipofika miaka arobaini na mitatu, tumbo langu likitangulia kuingia kila mlango, niliamua kushiriki mashindano ya kuogelea, baiskeli na kukimbia. Nikamshawishi jirani tuende wote. Nilimwambia ni kwa ajili ya afya. Ukweli ni kwamba nilitaka mtu wa kumwacha nyuma.

Nilimchagua kwa hesabu. Hakuwa mkimbiaji. Baiskeli yake ilikuwa nzito kama kitanda, na aliinunua kwa bei ya kwanza aliyotajiwa. Nilikuwepo, nikaona aibu kwa niaba yake. Mtu asiyejua kupatana bei, nikajiambia, atajua nini kingine?

Mwalimu wetu ni mama mmoja wa Naguru, polisi mstaafu, ambaye enzi zake aliogelea kwenye timu yao ya michezo. Sote tunamwita Afande. Mimi ananiita Hajji, ingawa Makka sijafika. Siku ya kwanza, kwenye bwawa la hoteli moja kule Kansanga, alitupa karatasi mbili zinazofanana: kwa wiki, kuogelea mara tatu, baiskeli mara mbili, kukimbia mara mbili. Jumamosi ukishuka kwenye baiskeli unakimbia papo hapo, hakuna kukaa kitako. Jumatatu kupumzika.

Nikasoma. Nikasoma tena.

"Afande, hapa kwenye kuogelea. Tufanye moja."

"Tatu."

"Nina duka, Afande. Nina watoto watano. Moja, halafu nakuongezea kukimbia."

"Hajji, kukimbia unajua. Kuogelea hujui. Unaniongezea kile ambacho tayari unacho?"

"Basi mbili. Mbili, tupeane mkono."

Alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyekamatwa akiiba kitu kisicho na faida. "Haya, mbili," akasema. "Atakayezama si mimi."

Nilitoka pale nimechangamka. Jirani yangu alikuwa ameshakunja karatasi yake na kuitia kwenye mfuko wa shati.

"Umekubali hivi hivi?" nikamuuliza.

"Kukubali nini, mukubwa?"

"Zote tatu! Hukupunguza hata moja?"

"Kumbe ilikuwa bei?" akasema. "Miye nilifikiri ni dawa."

Nilicheka njia nzima ya Ggaba hadi dukani.

Mwezi wa kwanza sote wawili tulikuwa tunakunywa bwawa tu. Mwezi wa pili nikaacha kucheka. Jumanne moja Afande alipuliza filimbi, akasimamisha watu wote, akanyoosha kidole kwa jirani yangu aliyekuwa bado anakuja, taratibu, kama mtu anayetandika shuka.

"Mtazameni huyu," akasema. "Anatoa pumzi yote ndani ya maji, kwa hiyo akigeuza kichwa kazi yake ni kuvuta tu. Hana haraka. Maji yamemkubali." Halafu akanigeukia. "Hajji, wewe acha kupigana."

Maji yamemkubali. Maneno mawili, na yalinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Sikutamani mapafu yake, wala mabega yaliyoanza kujaza shati hadi wateja wake wa vitenge wakawa wanachelewa kuondoka. Nilitamani yale maneno mawili, kutoka kinywa kile kile, mbele ya watu wale wale, yaniangukie mimi.

Kuanzia hapo nilimwonea wivu kwa utaratibu, siku hadi siku. Alhamisi ndiyo siku niliyokuwa nimeipunguza. Sasa nisikilize, wewe unayetaka kuanza mazoezi haya ukiwa na kazi na familia: saa unayoikwepa haiendi popote. Kila Alhamisi nilifunga duka mapema, nikapanda boda hadi Kansanga, nikakaa nje ya uzio na soda mkononi, nikamhesabu. Kwenda na kurudi, thelathini na mbili. Nilihesabu kwa Kiswahili, nikahakiki kwa Kinubi. Thelathini na mbili kwa lugha zote.

"Hajji!" Afande akaniita siku moja. "Umekuja kulinda maji yasiibwe?"

"Napita tu, Afande."

"Wiki ya tatu hii unapita. Ingia."

"Sikuja na nguo ya kuogelea."

Nguo ilikuwa ndani ya mfuko, kwenye mapaja yangu. Lakini kuingia kungekuwa kukiri kwamba bei ya kwanza ya Afande ndiyo ilikuwa ya haki, na jirani angeniona nikikiri. Nikamaliza soda.

Faraja yangu ilikuwa mlima wa Naguru. Pale baiskeli ile nzito ilimtesa. Kila Jumamosi nilimwacha chini, nikamngojea juu nikijifanya natazama mji. Afande hakunisifu hata hapo. "Mwenzako anafanya mazoezi," aliniambia, "wewe unafanya mashindano. Siku ya mashindano utafanya nini?" Nilidhani ni maneno ya kumtetea kipenzi chake. Leo nakuuzia ushauri ule ule, tena bila faida juu: mazoezini nusu ya safari iwe ya mwendo unaoweza kupiga nao soga. Anayeshinda kila Jumamosi hufika kwenye mashindano ameshachoka.

Mwezi wa mwisho Afande aliihamisha Alhamisi kutoka bwawani hadi ziwani, ambako mashindano yangefanyika. Alikuwa akiwafundisha wenzangu kuinua macho kila baada ya kupiga mikono kadhaa na kutafuta boya linaloonyesha njia. Nilijua. Neno moja tu na ningeenda nao. Sikulisema. Kwenye jengo nilikuwa nimeshawaambia watu wote, kuanzia mama wa chai hadi mlinzi, kwamba nitafika kabla ya jirani. Nitaombaje tena somo nililolikataa? Maji ni maji, nikasema.

Maji si maji. Siku ya mashindano, asubuhi, ziwa halikuwa na ukuta wa kushika wala mstari chini wa kufuata. Mita mia saba na hamsini. Nilihesabu mikono yangu hadi mia mbili, nikainua kichwa kwa furaha, nikaona boya liko kushoto kabisa, mbali kama kosa la mtu mwingine. Kijana wa uokoaji akanifuata na mtumbwi wake mdogo.

"Ssebo, bwana! Huko ni Tanzania! Rudi huku!"

Nilitoka majini nikiwa wa pili kutoka mwisho. Baiskeli ya jirani yangu haikuwepo tena kwenye kituo cha kubadilishia. Lile pengo lilinitia moto ambao chai haijawahi kunitia. Kilomita ishirini za baiskeli nilipita watu kumi na tisa. Nilirudia hesabu: kumi na tisa. Kwenye kona ya kugeuzia nikakutana naye akiwa anarudi, juu ya kitanda chake, anatabasamu.

"Nguvu, mukubwa! Nguvu!"

Angenitukana ningemsamehe. Nikaweka gia nzito, nikasukuma hadi mwisho, na hapo ndipo ukumbuke yale ya Jumamosi ya Afande: kilomita mbili za mwisho legeza gia, zungusha miguu haraka na kwa wepesi, ili iwe na kitu cha kukimbilia. Mimi nilishuka nikiwa na mihimili miwili ya mbao.

Kukimbia ni kilomita tano. Ya kwanza sikuisikia. Ya tatu miguu ikarudi kuwa yangu. Ya nne nikauona mgongo wake. Hatua mia, hatua themanini. Hakuwa mkimbiaji, nilisema tangu mwanzo. Hatua hamsini. Utepe wa mwisho ulikuwa unaonekana, na Afande amesimama pembeni na filimbi yake.

Jirani yangu akageuka. Akaniona. Akapunguza mwendo, kisha akasimama kabisa katikati ya njia, mkono ameunyoosha nyuma kama anayepokea mzigo.

"Kuya, mukubwa! Tumalize pamoja!"

Nilikuwa na nafasi ya kufikiri. Hatua hamsini ni nyingi. Nilifikiri hatua zote hamsini, na nilipoufikia mkono ule niliupita. Sikupunguza hata kidogo. Nilivuka mbele yake, nikajikunja, nikatapika maji ya ziwa na fahari yote pamoja. Aliponifikia alinipiga mgongoni taratibu mpaka nikamaliza.

Afande alikuja na chupa za maji. Alimpa yeye kwanza.

"Ningesema neno kuhusu mwendo wako, Hajji," akasema, "lakini ungenipunguzia."

Jumatatu tulifungua maduka saa moja, kama kawaida. Mama wa chai akaja na birika lake, akatutazama mmoja mmoja.

"Eeh, tuambieni. Nani alimshinda mwenzake?"

Nilimtazama jirani yangu. Alikuwa amepanda ngazi, anatundika kitenge cha manjano. Nilimngoja aseme ukweli: kwamba alisimama, kwamba mkono wake ulibaki hewani. Kwa maneno hayo tungeweza kubishana asubuhi nzima. Ningekana, angekazana, watu wangekusanyika, na mwisho labda ningekubali nusu.

"Mukubwa alinishinda," akasema kutoka juu ya ngazi. "Alikimbia muzuri sana. Miye niliona kwa macho."

Mama wa chai akanipigia makofi. Nikapokea kikombe changu, na hadi leo sijui ni nani nilimwonea wivu zaidi asubuhi ile: mtu aliyekuwa juu ya ngazi, au yule mshindi ambaye watu walidhani ndiye mimi.