Ya Baridi, kwa Sababu Voi Kuna Joto

Mume wangu alikoroma hadi majirani wakawa wanatutania asubuhi, eti lori siku hizi linalazwa chumbani badala ya uani. Mwanzoni nilicheka nao. Niliacha kucheka nilipogundua kwamba kukoroma kwenyewe si neno, la kuogopa ni pale anaponyamaza. Alinyamaza katikati ya pumzi, kifua kikihangaika na hewa haiingii, kisha akagutuka kama mtu aliyeibuka majini, akavuta hewa kwa kishindo na kuendelea kulala bila habari. Asubuhi aliamka amechoka kuliko alivyolala. Halafu akachukua funguo, akaenda kuendesha lori.

Lori lilikuwa la kaka yake mkubwa, yaani shemeji yangu, mwenye duka la jumla pale Voi mjini. Mume wangu alilipeleka Taveta, kwetu mimi nilikozaliwa, akapakia ndizi na vitunguu na kurudi kwa ile barabara ya vumbi jekundu. Kazi hiyo aliipenda kuliko kitu chochote, na nadhani mimi nimo katika hivyo vitu. Siku moja alinisimulia, huku akicheka, kwamba alifumbua macho akajikuta Mwatate, na hakumbuki kuipita Bura. Alidhani nitacheka pia. Sikucheka.

Mama mkwe alisema ni jini linalomkaba. Akasomewa, akavalishwa hirizi, na akaendelea kukabwa. Kisha wifi yangu, muuguzi aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, alikuja likizo, akamkuta kaka yake amelala mkekani baada ya chakula cha mchana. Alimsikiliza kidogo tu, akasema, "Hapa hakuna jini." Akatupeleka Nairobi kwa daktari anayeijua shida hiyo. Daktari alitueleza kwamba njia ya hewa ya mume wangu inajifunga akishalala, na kwamba tiba ni mashine ya kumpulizia hewa kupitia maski iliyofungwa puani, ili njia ibaki wazi. Wifi aliporudi kwake akatuma mashine hiyo. Ilikwisha kutumiwa na mtu mwingine huko, lakini ilikuwa nzima.

Ikafanya kazi, sitaki kusema uongo. Alilala kimya, akaamka na nuru usoni. Lakini ulipoingia ule msimu wa upepo mkavu, ule unaotuletea vumbi mpaka ndani ya sufuria iliyofunikwa, pua yake ilianza kukauka. Mashine ilikuwa ikivuta hewa hiyo hiyo kavu na kumsukumia puani. Koo likawasha, pua ikatoka damu, na kila nilipoamka niliikuta maski sakafuni.

Tukarudi kwa daktari. Akasema ni jambo la kawaida, na kwamba kuna mashine ndogo ya maji inayoungwa na ile kubwa ili hewa ipite juu ya maji kabla ya kumfikia mgonjwa. Ziko aina mbili, akasema: ya maji baridi, na ile yenye sahani ya umeme chini inayoyapasha maji moto. "Kwa pua iliyofikia kutoka damu, chukueni ya moto," alisema. "Pua haitafuti ubaridi, inatafuta unyevu. Maji baridi hayatoi unyevu wa kutosha kwa hewa inayopita mbio namna hii." Nilimwomba arudie, akarudia. Mume wangu alikuwa kando yangu, anasinzia kitini.

Sasa nieleze mambo ya simu katika nyumba ile. Simu ilikuwa dukani kwa shemeji, na wifi alipiga siku za Ijumaa baada ya swala. Sote tulikusanyika kumsikia, ila kumsikia kwenyewe kulikuwa ni kumsikia shemeji akimsikia. Hatukupokezana mkonga wa simu. Mkubwa ndiye aliyeongea na ng'ambo, na sisi wengine salamu zetu zilipita mdomoni mwake. Hiyo ndiyo ilikuwa adabu, na sikuwahi kuona mtu akiuliza kwa nini.

Ijumaa hiyo, wifi akiwa ameshaambiwa habari za mashine ya maji, mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake karibu na mizani, mume wangu juu ya gunia la sukari, na mimi nimesimama na sinia la chai. Shemeji aliziba mkonga kwa kiganja.

"Anauliza mashine ya maji atume ya baridi au ya moto," akasema. Hakungoja jibu. Akacheka. "Ya moto! Voi hii! Kwani tunataka kumchemsha?"

Wote wakacheka. Hata mteja aliyekuja kununua sabuni akacheka, na hakujua kinachozungumzwa.

"Shemeji," nikasema, "daktari alisema ya moto."

"Daktari wa Nairobi anajua baridi ya Nairobi, shemeji. Hajalala Voi hata usiku mmoja."

Nikamgeukia mama mkwe. Mtaa mzima ulimletea watoto wenye mafua. Alichemsha majani ya mkaratusi na mchaichai, akamfunika mtoto blanketi juu ya sufuria, na mtoto akatoka anahema vizuri, kamasi zikimchuruzika. Hakuna aliyeujua mvuke kama yeye.

"Mama," nikamwambia, "mtoto akibanwa na mafua, unamfukiza kwa maji ya baridi?"

Aliniangalia. Nina hakika alinielewa, kwa sababu mkono wake uliokuwa ukizungusha tasbihi ulisimama. Kisha akamtazama mwanawe mkubwa, na tasbihi ikaendelea.

"Mwanangu," akaniambia kwa upole ule wake wa kukata maneno, "maneno ya simu tumwachie kaka yenu."

Alibaki mume wangu. Nilimkazia macho nikitumaini atajitetea mwenyewe, maana pua ni yake na pumzi ni zake. Aliangalia viatu vyake. "Kaka ameshasema," akajibu.

Shemeji akaondoa kiganja. "Ya baridi," akamwambia dada yake. "Ndiyo. Tumeshauriana wote."

Mashine ikaja. Ilikuwa kisanduku cha plastiki chenye maji, basi, hewa inaingia huku na kutokea kule. Kila jioni nilikijaza hadi kwenye mstari, na kila asubuhi niliyakuta maji karibu palepale kwenye mstari. Maji hayakwenda popote, nayo pua ikaendelea kukauka. Nikajaribu kumimina maji moto ya thermos. Yalimsaidia mpaka yalipopoa, na yalipopoa maski ikarudi sakafuni. Nilipomwambia shemeji kwamba haifai, alisema mnaitumia vibaya. Nilimwuliza inatumiwaje vizuri. Akaenda kuhudumia wateja.

Mume wangu aliziweka mashine juu ya kabati, ile kubwa na ile ndogo, akazifunika kwa kanga yangu kuukuu ili zisipate vumbi. Tulipigana vita vya maneno kuhusu kabati lile. Nilimwambia usiende Taveta, akaenda. Nilimwambia mwambie kaka yako unasinzia, akanijibu nataka nikose kazi? Nilimchukia, tena namwandalia chakula cha safari.

Lori lilitoka barabarani mchana kweupe, kati ya Maktau na Bura, mahali pasipo na kona wala kilima. Lilikwenda kichakani taratibu likalala ubavu, ndizi zikamwagika kwenye udongo mwekundu. Alitoka na mkono uliovunjika, na hakukuwa na mwingine wa kuumia. Nilimshukuru Mungu mpaka machozi yakanitoka, na yalipokauka hasira ikapanda.

Lori lilinyanyuliwa, likanyooshwa, na shemeji akampa dereva mwingine. Alitangaza hayo dukani, mbele ya wateja, mume wangu akiwa amesimama pale, mkono umefungwa plasta: "Siwezi kumpa gari mtu anayelala." Akampa kazi ya kupima sukari na mchele. Watu wakasema kaka yule ana moyo, mwingine angemfukuza.

Siku hiyo nilikwenda posta, nikapiga simu Uingereza mwenyewe. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia sauti ya wifi kwenye simu. Nilimweleza yote bila kupumua, nikamwomba atume ya moto.

"Lakini wifi," akasema, "si wewe ndiye uliyeikataa? Nilipopiga tena kuhakikisha, kaka mkubwa aliniambia wewe unaogopa, unasema ya moto itamwunguza mumeo."

Nikamwambia sikuwahi kusema hivyo. Nje watu walikuwa wamepanga foleni ya kibanda, wananigongea kioo.

Wifi aliituma na msafiri. Niliiondolea mashine kubwa kanga, nikaiunga na hii mpya mwenyewe. Mvuke ulipoanza kupanda ndani ya bomba linalokwenda kwenye maski, mama mkwe alikuja kutazama. Alichomoa lile bomba kwenye maski, akaweka kiganja mbele ya hewa ile ya uvuguvugu, akatabasamu kama mtu aliyekutana na jamaa yake.

"Kumbe ni mafusho tu," akasema. "Mvuke lazima uwe wa moto. Hata mimi nilijua siku ile."

"Sasa mama, mbona hukusema?"

Alinishangaa kweli, hakujifanya. "Nimvunjie mwanangu maneno mbele za watu?"

Nilitaka kumwuliza ni mwanao yupi. Badala yake nikafunga kifuniko cha kisanduku cha maji. Mpaka leo swali hilo linanikereketa kooni kuliko vumbi lolote la Voi.

Mume wangu analala sasa, nikasema moyoni, analala. Pua haikutoka damu tena, maski ilibaki mahali pake, na asubuhi maji yalikuwa yameshuka chini kabisa ya mstari. Aliamka kabla yangu, mwepesi, akaoga, akavaa shati lake la safari kwa mazoea. Alisimama uani akisikiliza lori likiwashwa kwa kaka yake. Alijua kwa mlio tu kama dereva amekanyaga klachi vibaya. Likaondoka kuelekea Taveta, naye akavua lile shati, akavaa jingine, akaenda dukani.

Ijumaa iliyofuata wifi alipiga. Sote tulikuwepo, kila mtu mahali pake, na mimi na sinia langu.

"Yuko salama," shemeji alimwambia. "Analala kama mtoto. Ile ya moto tuliyoichagua imemfaa sana." Akaziba mkonga kwa kiganja, akamgeukia mdogo wake. "Anakusalimu. Una neno?"

Mume wangu alikuwa amepinda juu ya mizani, kijiko cha sukari mkononi. Akainua kichwa. Macho yake yalikuwa meupe, maangavu, hayana usingizi hata chembe.

"Ahsante, kaka," akasema.