Mchi Wangu na Fenda za Mzee Nathanael

Jirani yangu Saadi ni fundi wa matairi hapa Daraja Mbili, na kama unataka kumjua vizuri usianzie kwenye banda lake. Anzia kwangu. Jeki na spana ziko kwake, lakini vifaa vyake vingine vyote vya kazi viko jikoni mwangu.

Mimi ni Pudensiana, mama lishe, ingawa wengi wananiita Mama Princess kwa jina la binti yangu. Napika supu, chapati, na mchana ugali kwa kisamvu. Kati yangu na Saadi kuna ukuta wa mabati ambao hauzuii kitu: si kelele za kompresa, si harufu ya mpira, wala mkono wa Saadi unapokuja kuchukua mali yangu. "Mama Princess, naomba unga kiganja kimoja." "Mama Princess, maji ya moto yapo?" Mwanzoni nilikuwa naguna tu. Siku hizi nagomba kabisa, lakini natoa.

Saadi amezaliwa hapa hapa Arusha, ingawa wazee wake walitoka Kondoa. Ni mrefu, mwembamba, na ana kofia ya kufuma ambayo hakuna anayekumbuka ilikuwa rangi gani. Alianza kazi kwa kujaza upepo kwa pampu ya mguu, kando ya barabara, na hajawahi kufanya kazi nyingine. Mkewe, Twahira, ananiambia kwamba mumewe hata akivua viatu mlangoni huvigeuza kwanza aone kama vimelika upande mmoja.

Kazi anayoipenda kuliko zote ni kufunga rimu za spoti na matairi mapana. Kila kijana mwenye gari anazitaka. Wanazinunua kwa macho, wanafungisha kwa yeyote aliye karibu, halafu gari likikata kona linasikika krrr, tairi linasugua fenda, lile bati la juu yake. Hapo ndipo wanapomkumbuka Saadi. Na yeye, kabla hajashika spana, huuliza swali moja tu: "Unabeba nani?"

Wateja hucheka. Wamekuja tayari kuulizwa mambo ya inchi, wanaulizwa habari za familia. Lakini Saadi ana sababu zake. Gari tupu hukaa juu, fenda ikawa mbali na tairi, na kila kitu kikaonekana kizuri. Wapandishe watu watatu nyuma, tupia mikungu ya ndizi kwenye buti, ndipo gari linakaa chini na fenda inashuka kulifuata tairi. Kwa hiyo Saadi hajaribu gari tupu hata siku moja. Hulijaribu likiwa na watu, na mtu wa kwanza kuitwa ni mimi.

Sitaji kilo zangu. Niseme tu kwamba Mungu hakuninyima. Saadi, kwa heshima zake zote, huniita "mzigo wa uhakika", na siku ya kwanza aliponiita hivyo nilimnyima chai mpaka jioni.

Basi, wiki moja iliyokuwa na harusi kule Kikatiti, akaja kijana anaitwa Mika, na Toyota Mark II nyeupe iliyotakata kama sahani. Lilikuwa gari la marehemu baba yake, Mzee Nathanael, mwalimu mkuu aliyestaafu. Mzee yule aliliosha mwenyewe kila Jumamosi kabla ya ibada ya kesho yake, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa hata kushika kitambaa. Sasa Evelyn, dada yake Mika, alikuwa anaolewa Jumamosi, na alishasema tangu zamani kwamba kanisani ataenda kwa gari la baba, si lingine. Dereva ni Mika. Na Mika, akiuwazia msafara na mpiga video, akaenda mjini akabadilishiwa magurudumu ya mzee, akafungiwa rimu pana zinazong'aa. Yale ya zamani aliyaacha huko huko dukani. Aliporudi kuyaulizia, yalikuwa yameshauzwa.

"Fundi, linasugua," alisema. "Mbele nikikata kona, na nyuma watu wakipanda."

"Unabeba nani?"

Mika akaangalia chini. "Nyuma bibi harusi, msimamizi wake na shangazi. Mbele akae mama. Lakini mama amegoma."

Akaeleza. Mama yake alipanda mara moja tu tangu rimu zifungwe, Jumapili, kwenda kanisani. Kila walipopita tuta, krrr. Mama akashika mlango, akasema simamisha. Akashuka. "Huyo ni baba yenu analalamika," akasema. "Hajapenda ulichomfanyia gari lake." Akamalizia safari kwa miguu. Tangu siku hiyo alikuwa anasema ataenda harusini na basi la wanakwaya, na Evelyn naye analia, anasema kama mama hayumo ndani ya gari la baba, yeye pia hapandi.

Nilikuwa nimesimama pale na mwiko mkononi, na nakiri kicheko kilinifika kooni. Marehemu yuko ndani ya tairi! Nilipomtazama yule kijana usoni, kicheko kikaniishia.

"Aliyenifungia anasema dawa yake ni kukata fenda kwa grainda," Mika akasema. "Anasema ni kazi ndogo tu."

Saadi si mtu wa kupandisha sauti. Siku hiyo aliipandisha. "Akate nani? Gari la mwalimu?"

Akainua gari kwa jeki, akafungua magurudumu, na nyuma akakuta mzaha wenyewe. Yule fundi wa mjini alikuwa ameweka spesa, vile vyuma vya duara vinavyolisukuma gurudumu nje, ili gari lionekane limetanua miguu. Saadi akavitoa akavitupa kwenye ndoo. Akarudisha gurudumu, akapitisha kidole upande wa ndani kuhakikisha tairi haligusi springi. Kidole kikapita. Halafu nikasikia sauti ninayoijua.

"Mama Princess, unga!"

Huo ndio utaalamu wake. Unga wangu wa ngano anaukoroga na mafuta kidogo, anaupaka upande wa ndani wa fenda, kisha gari linaenda kutembea na mzigo. Mahali unga ulipofutika ndipo tairi linapogusa. Nikaingia kiti cha nyuma, wateja wangu wawili wakasombwa na bakuli zao za supu mkononi, tukapita tuta la karibu na daraja, tukazunguka usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho. Krrr ya mbele ilikuwepo. Ya nyuma ilikuwepo pia, ndogo, ya aibu aibu.

Tuliporudi Saadi alilala chini kutazama, akatoka anatabasamu. Yeye huona kosa akafurahi kama mimi ninavyofurahi kuona sahani imerudi tupu. Mbele, tairi lilikuwa linagusa plastiki iliyo ndani ya fenda. Hilo alilimaliza kwa maji yangu ya moto: akailainisha plastiki, akaisukuma nyuma, akaikaza na skrubu. Nyuma ndiko kulikokuwa na shughuli. Ukingo wa fenda umekunjwa kuelekea ndani, na ule mkunjo ndio uliokuwa unalifuta tairi. Ulitakiwa ulazwe ulale kabisa.

"Nahitaji kitu kirefu," alisema, "cha mviringo, kigumu, lakini kisiwe chuma." Akaugeukia ukuta wa mabati.

"Usithubutu," nikamwambia.

Mchi wangu nilipewa na mama siku nilipoondoka Rombo. Umetwanga kisamvu cha watu wasiohesabika. Nilimwambia Saadi atafute mpini wa jembe, atafute nguzo ya umeme, mchi wangu hauingii chini ya gari la mtu.

"Mpini ni mwembamba, Mama Princess. Na chuma kitapasua rangi. Rangi ya mzee haijawahi kuguswa."

"Shikamoo mama," Mika akadakia, kama vile hakunisalimu tangu asubuhi.

Nikachoka. Nikautoa.

Wakauzungushia kanga kuukuu, yangu pia, wakauingiza kati ya tairi na fenda. Mimi nikawa naleta sufuria moja baada ya nyingine ya maji ya moto, Saadi anamwagia fenda ili rangi isikakamae ikapasuka. Mika anasukuma gari mbele taratibu, anarudisha nyuma taratibu. Saadi ameshika kichwa cha mchi kwa mikono miwili, anausikiliza kama mtu anayesonga ugali wa wageni. Kila mzunguko, maji tena, halafu mkono unapapasa chini ya ukingo. Ugali wangu wa mchana ulichelewa, wateja wakanisema, nikawaambia waende wakamlalamikie mwalimu Nathanael. Kufika alasiri pande zote mbili zilikuwa zimelala, na hakuna ufa wa rangi hata mmoja. Unga tena, mimi tena, tuta tena. Unga ulirudi vile vile ulivyopakwa.

Mika aliruka. "Fundi, tumemaliza!"

Saadi akafuta mikono. "Bado. Nilikuuliza unabeba nani. Huyo wa mbele sijamwona."

Ijumaa asubuhi Mika akamleta mama yake, kwa pikapu ya jirani, maana kwenye Mark II hakukubali kukanyaga. Alikuwa mama mdogo wa umbo, kitenge kimepigwa pasi, kitambaa kichwani, midomo imebana. Nikampa shikamoo, akaitikia, "Marahaba, mwanangu," lakini macho yake yalikuwa kwenye zile rimu.

"Umekata?" akamuuliza Saadi.

"Hapana, mama. Weka mkono hapa."

Akainama. Akaingiza vidole chini ya ukingo wa fenda, akaufuata kutoka mwanzo mpaka mwisho, polepole, kama anayempima mtoto homa. Akazunguka akafanya hivyo upande wa pili.

"Ni laini," akasema.

"Nimeukunja tu, mama. Chuma chote kipo, pale pale alipokiacha mzee."

"Na ile kelele?"

"Panda usikie."

Hakupanda. Alisimama tu, mkoba umekumbatiwa. Nikaona tutashinda pale mpaka harusi ipite. Nikafungua mlango wa nyuma, nikajitupa ndani na unga wangu mikononi, gari likashuka kama kawaida yake. "Mama Mika," nikasema, "mimi ndiye mzigo hapa. Kama kwangu halisugui, wewe ni kama huo mkoba wako." Midomo yake ikacheza kidogo. Akapanda mbele. Saadi akaja kukaa kando yangu.

Tukapita tuta la kwanza. Kimya. La pili, kimya. Mika akakata usukani mpaka mwisho tukazunguka, kimya, injini tu inanguruma. Nilijawa na furaha, nikamfinya Saadi begani. Mchi wangu umefanya kazi! Nikainama mbele nimwambie Mama Mika haya, umeona, ndipo nikaona mabega yake yanatikisika.

Mika akakanyaga breki. "Mama! Linasugua?"

"Halisugui." Akafuta macho kwa ncha ya kitambaa. "Amenyamaza."

Mika akaachia usukani.

"Ile Jumapili nilishuka kwa hasira," akaendelea. "Lakini njia nzima ya kwenda kanisani nilikuwa na furaha moyoni. Nikasema kumbe bado yupo. Bado ni mkali vile vile. Tangu tumzike nilikuwa sijamsikia." Akashusha pumzi. "Sasa amenyamaza."

Saadi alivua ile kofia yake akaishika mapajani. Nimekaa naye ukuta kwa ukuta miaka mingi, sijawahi kumwona amemaliza kazi nzuri na uso umemwanguka namna ile. Mimi machozi yalikuwa yameshanitoka. Nikaweka mkono begani kwa yule mama, na unga wangu wote, akaushika hakuuachia.

Tulikaa hivyo, magari yanatupita na kutupigia honi. Baadaye akapitisha kiganja juu ya dashibodi, akaifuta vumbi ambalo halikuwepo.

"Kesho nitakaa hapa hapa," akasema. "Evelyn akae nyuma yangu."

"Ndiyo, mama," Mika akajibu.

"Uendeshe polepole."

"Ndiyo, mama."

Akageuka akatazama nyuma, tulikotoka.

"Mika."

"Naam, mama."

"Geuza. Turudi tena pale kwenye tuta."

Mika akageuza gari. Akafungua vioo vyote, tukalipanda lile tuta kwa mwendo wa miguu, watu wanne, kila mmoja ametega sikio.