Aliyekuja Kumzika Mariana

Salome hakai. Ukimkuta amekaa, jua anafunga viatu ili ainuke. Ana kibanda cha stesheneri karibu na stendi ya Kharumwa, anatoa fotokopi, anaandika barua za kuomba kazi, na katikati ya yote hayo simu haimtoki mkononi kwa sababu ya lile kundi lake la wasapu la wasomaji wa riwaya. Mimi ni fundi cherehani, tumetenganishwa na ukuta wa mabati. Namsikia akisonya, akicheka peke yake, akitoka nje kuangalia barabara kana kwamba kuna mgeni, akirudi. Mteja anaweza kusubiri kopi moja robo saa huku Salome anamsuta mtu wa Songwa ambaye hajasoma sura ya nne.

Simlaumu sana. Mume wake, Marwa, akisikia rashi imetoka mahali, yaani dhahabu imeonekana, hata chai hamalizi. Salome amehama naye mara tano, na kila mara ameacha majirani aliokuwa ndiyo kwanza anaanza kuwazoea. "Mama Kudra," aliwahi kuniambia, "hili kundi ndilo mtaa pekee ambao Marwa hawezi kunihamisha." Mtaa wenyewe una watu sitini na tatu, kuanzia Shinyanga mpaka Geita, na wengi hawajawahi kuonana. Vitabu viko saba tu. Vinazunguka kwa makondakta wa mabasi, kila mtu na zamu yake, na ukichelewesha unatajwa jina hadharani.

Kuna mchezo tulijizoesha, nami niliupenda kuliko mtu yeyote. Mhusika tuliyempenda akifa kitabuni, tunamfanyia msiba kundini. Salome anatoa tangazo, mmoja anaandika wasifu wa marehemu, wengine wanaeleza walivyomfahamu. Tunacheka, lakini kuna siku nililia kweli nikachoma sare ya mtoto wa watu kwa pasi.

Mwaka huu tulikuwa na riwaya ya mwanamke anayeitwa Mariana. Mumewe kapotelea machimboni, mashemeji wanamnyang'anya shamba la mpunga, mtoto anaumwa. Wiki tatu tulizungumza habari za Mariana kama jirani. Ilipofika Alhamisi, sura ya kifo chake, Salome akaandika kwa mbwembwe zake: "Ndugu wanakundi, kwa masikitiko makubwa nawatangazia kifo cha Mariana wetu. Mazishi ni Jumamosi saa nane mchana. Msiba uko kwangu, Kharumwa, karibu na stendi." Tukamimina mishumaa na viganja vya sala.

Jumamosi saa mbili asubuhi alinijia na simu, uso umemshuka. Mtu ambaye siku zote ni mpole kundini, Mzee Ngassa wa Isaka, alikuwa amemwandikia pembeni, akimwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma: "Mayu, niko njiani kuja msibani na kiroba cha mchele. Nimepata gari la Kahama."

"Si anatania?" nikasema.

"Mzee wa miaka sabini anatania msiba?"

Akampigia. Simu imezimwa, wazee huzima simu safarini ili chaji isiishe. Akapiga tena, na tena. Akampigia George, mwana wa huyo mzee, dereva wa malori na mwanakundi mwenzetu, ndiye aliyemwingiza baba yake wiki mbili zilizopita ili apate cha kumchangamsha. George alikuwa mbali, njiani kuelekea Rusumo. Alicheka mpaka akakohoa. Dakika kumi baadaye akaandika kundini: "Jamani, mshua kaenda kumzika Mariana. Kabeba na mchele." Kundi zima likalipuka. Wengine waliweka sura za kucheka ishirini kwa mkupuo. Mimi niliweka nne. Nasema ukweli, niliweka nne.

Salome hakucheka. Alifunga kibanda, akakifungua, akaenda stendi, akarudi, akaniuliza saa mara sita. Aliogopa, na aliniambia anachoogopa: mzee akiaibika, watu wa heshima watatoka kundini mmoja mmoja, na mtaa wake utakwisha. Kisha akasema lile lililomuuma zaidi. "Nimechezea kifo, Mama Kudra. Nimemtoa mzee wa watu nyumbani kwake kwa kifo cha uongo." Nilimwambia akae anywe maji. Akayanywa amesimama.

Saa sita pikipiki kutoka Kakola ikasimama mbele yetu. Akashuka mzee mrefu mwenye koti jeusi lililojaa vumbi jekundu, begi begani, kiroba cha mchele amekikumbatia.

"Shikamoo, mzee," Salome akasema.

"Marahaba, mayu. Poleni sana na msiba." Akaangaza macho huku na huku. "Hamjafunga turubai?"

"Karibu kwanza maji."

"Maji nitakunywa. Kwanza nionyeshe wafiwa."

Nilitamani Salome adanganye, aseme wameshazika mapema, chochote. Yeye akasimama mbele ya mzee, mikono inacheza na funguo, akasema, "Nisamehe, mzee wangu. Mariana ni mtu wa kwenye kitabu. Ametungwa."

"Ametungwa."

"Ndiyo."

"Na lile shamba?"

"Na shamba."

"Na mtoto anayeumwa?"

"Hata mtoto, mzee."

Akakiweka kiroba chini polepole. "Yule mtoto nimemwombea wiki mbili," akasema.

Tukamkalisha kwenye benchi langu. Hakufoka, na heri angefoka. Alieleza tu kwamba zamu yake ya kitabu ilikuwa haijafika, na alipoona watu wanahangaikia shida za mwenzao aliona ni kundi lenye utu. Alidhani habari za vitabu zitaanza tukishamaliza matatizo ya Mariana. Kisha akavaa miwani, akawasha simu.

Nilijua anachokwenda kukuta. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kuanzia maneno ya mwanawe. Zile nne zangu zilikuwa humo na jina langu juu yake, na mimi nimesimama hatua mbili kutoka kwake nimeshika futikamba. Hakuinua macho. Baadaye kidogo Salome akaniinamishia simu yake nione, maana admini huonyeshwa. Iliandika kwamba Ngassa ameondoka kwenye kundi. Yuko pale pale kwenye benchi, magoti yake yanagusa cherehani, na ameshaondoka.

"Nalifunga," Salome akasema. "Leo hii nalifunga kundi lote."

"Usifunge kitu kwa ajili yangu," mzee akasema. "Pika mchele."

"Mchele utarudi nao nyumbani, mzee wangu."

"Mchele wa msibani haurudi nyumbani. Kwetu haujawahi kurudi."

Salome alimtazama, akabeba kiroba. Lakini kabla ya kuwasha jiko aliandika kundini, vidole vikigonga kioo kama anakitoboa: "Msiba wa Mariana upo kweli. Mlioko Kharumwa njooni kwangu saa nane, kwa miguu yenu. Wa mbali endeleeni kucheka."

Walikuja watano. Nesi Goodness, mwalimu Evance, vijana wawili wa karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, wenye vumbi mpaka kwenye kope, na mama mmoja anayeniuzia nyanya kila siku ambaye sikujua kama anajua hata kusoma riwaya. Aliponitajia jina lake la kundini, kumbe ndiye tunayebishana naye usiku na mchana. Tulikula wali na maharage kwa Salome, kila mmoja na aibu yake. Nilimnawisha mzee mikono nikamwomba radhi. "Nimeona, mama," akajibu, na sikujua kama ameona radhi au ameona zile nne.

Sahani zilipotolewa akasimama. "Nilikuwa nimejiandaa kusema maneno," akasema. "Nitayasema tu." Akasema hakumfahamu marehemu kwa sura, ila alijua alilima, alidhulumiwa, hakumtukana mtu. Kisha akasema, "Mke wangu alipofariki mwaka juzi, kundi la ukoo lilituma mishumaa tisini na moja. Niliihesabu kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtu wa kuzungumza naye. George mwenyewe alifika tumeshazika, alikuwa na mzigo wa watu. Ndiyo maana niliposoma msiba uko wapi, nikapanda gari."

Goodness alilia wazi wazi. Vijana wa karasha waliinama. Mimi nilitoka nje nikajifanya natafuta kuku.

Saa kumi tukamsindikiza stendi. Salome alibeba begi la mzee, akampita mbele, akarudi nyuma, akampita tena. "Mzee, niruhusu nikurudishe kundini," akasema.

"Hapana, mayu. Endeleeni, ni jambo zuri. Lakini mimi nilikuja kwenu, sikuja kundini." Alipanda pikipiki, akakaza koti. "Siku yangu ikifika George ataandika humo, anapenda kuandika. Wewe usiniwekee mshumaa. Njoo."

Salome akatoa kalamu, akageuza risiti. "Nielekeze nyumba."

"Ukishuka Isaka, vuka reli, fuata barabara ya mashine ya kukoboa. Usiulize Ngassa, akina Ngassa ni wengi," mzee akasema. "Uliza kwa mama George. Bado wanaiita hivyo."