Mama Anayepima Makoo ya Kuku Mbinga

Jumanne, Julai 18, 1995. Mbinga imeamka ndani ya ukungu, na manyunyu ya baridi yanagonga bati la maabara ya mifugo.

Bonifasia Ndunguru, 47, anafanya ishara ya msalaba, kisha anainamia hadubini. Anatazama kipande cha koo la hewa la kuku, chembamba na cha mviringo kama pete, kilichotunzwa hai ndani ya maji ya virutubisho. Ukingoni mwake vinywele vidogo mno, viitwavyo silia, hupepea na kusukuma uchafu nje.

Leo havipepei.

Pete kumi kama hiyo, za kuku waliochanjwa, zilitiwa virusi vya mdondo, ugonjwa unaoua kuku, siku tano zilizopita. Silia zikiwa hai, chanjo inafaa. Zikifa, chanjo inamwagwa. Tangu Serikali iache kuigawa bure, wafugaji wa Mbuji wamejinunulia dozi hizi elfu nne. Mjumbe wao, mzee Urbani Kapinga, anasubiri kwenye benchi.

"Zimekufa. Andika sifuri," anasema mkuu wa maabara, Dk. Vitalis Komba.

"Subiri, Daktari. Hata pete ambazo hatukuzitia virusi zimelala. Hizo zimeuawa na nini? Ni baridi hii."

Anaibana kwapani, chini ya sweta, mirija yenye pete hizo, iliyofungwa kwa vizibo. Umatengoni, kifaranga aliyezizima hubebwa hivyo hivyo.

"Mama, sasa unaatamia?" Dk. Komba anatania.

"Cheka tu, baba. Nikitotoa usiniombe jogoo."

Bonifasia aliajiriwa hapa mwaka 1979 kupiga deki, akiwa hajui kusoma. Alihudhuria masomo ya jioni miaka sita. "Nilimwomba Mungu anijalie kusoma maandishi ya chupa nilizokuwa naosha," anasema. "Alinipa zaidi."

Dakika ishirini zinapita. Anarudi kwenye hadubini, midomo ikisali. Ghafla anapiga kigelegele.

"Njoo uone mwenyewe!"

Silia zinapepea kama shamba la ngano kwenye upepo. Pete tisa kati ya kumi zi hai.

Dk. Komba anatazama kwa muda mrefu. "Nilitaka kumwaga chanjo nzima," anasema taratibu. "Kuanzia leo tunapasha joto vioo vya hadubini kwanza. Umetufundisha, mama."

Mzee Urbani amesimama mlangoni, kofia mkononi. "Kwa hiyo kuku wetu?"

"Shikamoo, baba. Chanjo yenu ni nzima." Bonifasia anainua mkono wa kulia. "Daktari, uwe shahidi, nawe baba pia. Jumamosi nakuja Mbuji mwenyewe, na kuku wa kwanza nitamchanja kwa mikono yangu."